Naomba ushauri: farasi wa g5 ananimaliza kwenye ufunguzi wa Kiitalia

Habari zenu wakuu. Najifunza sataranji, hasa funguzi za askari wa mfalme. Nikishika kete nyeusi tunaanza hivi (herufi na namba ni jina la mraba kwenye ubao): askari e4, nami e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, nami natoa farasi f6. Hapo farasi wa mpinzani anarukia g5, anatishia f7, mraba ulio kando ya mfalme wangu. Najibu kwa askari d5, anamla, nami nakula kwa farasi. Ndipo anamtoa sadaka farasi wake pale f7, na mfalme wangu anaburutwa hadi katikati ya ubao. Inaniuma kweli.

Nimejaribu farasi a5 badala ya kula, lakini nabaki pungufu askari mmoja. Je, fidia yangu hapo, yaani faida ninayopata kwa askari huyo, iko wapi hasa? Au kwa anayejifunza ni heri kuanza na askofu c5 badala ya farasi f6?

Natanguliza shukrani.