Kocha mpya kwenye timu yako ya chuo: mwaka wa kwanza ulitarajia nini, ukapata nini? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Lexington (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za majukumu. Mada hii ni kwa wanaofuatilia mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, hasa tunaoishi huku Kentucky, ambako mchezo huu unazungumzwa kinyozi, kazini na hata nje ya kanisa baada ya ibada.

Timu yangu ni Chuo Kikuu cha Kentucky. Kwa wasiofahamu, hawa wamekuwa mabingwa wa nchi mara 8, wa kwanza 1948 na wa mwisho 2012. Uwanja wao, Rupp Arena, unaingiza watu zaidi ya 20,000. Kocha John Calipari alikaa miaka 15, akaleta ule ubingwa wa 2012, kisha mambo yakaanza kulegea. Msimu wa 2020/21 walishinda mechi 9 na kupoteza 16. Mwaka 2022, kwenye mashindano ya NCAA ya mwezi Machi yanayotafuta bingwa wa nchi, walitolewa na Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey. Machi 2024 wakatolewa raundi ya kwanza na Oakland, chuo cha Michigan, 80 kwa 76, kijana mmoja anaitwa Jack Gohlke akiwafunga mitupo 10 ya pointi tatu. Haikupita hata mwezi, Calipari akaenda Arkansas, na tarehe 12 Aprili akatangazwa Mark Pope.

Jina hilo liliwakera wengi. Ndiyo, Pope alikuwa nahodha wa kikosi cha ubingwa cha 1996. Lakini kama kocha mkuu, kule Utah Valley na baadaye BYU, hakuwa ameshinda mechi hata moja kwenye mashindano hayo ya Machi. Watu walikuwa wanamtaka Scott Drew wa Baylor au Dan Hurley wa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut). Siku mbili baadaye watu haohao wakaujaza uwanja kumpokea. Hakukuwa na mechi, ulikuwa utambulisho tu. Akafika kwa basi pamoja na wenzake wa zamani, kombe la 1996 mkononi, na uwanja mzima ukasimama.

Nimeliwaza sana jambo hili, na msimamo wangu ni huu: mwaka wa kwanza shabiki hampimi kocha mpya kwa uwezo wake. Anampima kwa maumivu aliyoachiwa na kocha aliyeondoka. Sisi tulichoka kuonekana kama kituo cha vijana kupitia mwaka mmoja wakielekea NBA. Tulitaka mtu anayeipenda timu kama sisi, na tulikuwa tayari kumsamehe mengine yote.

Leteni visa vyenu. Sitaki takwimu peke yake. Semeni mlikuwa wapi, na mlikuwa mnataka nini.

Mwana Uvira

Jambo ndugu zangu. Mimi pia niko Lexington, nafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Mnajua Wakongo tuko wengi hapa. Ukiingia shule za mji huu Kiswahili utakisikia kila siku. Tulipofika tulikuwa watu wa kandanda, kikapu hakikutuhusu. Aliyetuingiza ni Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi.

Msimu wa 2021/22 Oscar alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 (yaani kudaka mipira iliyokosa kuingia), akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo wa nchi nzima. Ribaundi 15 kila mechi! Kwenye nyumba za kupanga tunakokaa, watoto waliacha kupigania kufunga, wakaanza kupigania mpira uliokosa kuingia. Kila mtoto alitaka kuwa Oscar. Usiku wa Saint Peter's alifunga 30, akachukua ribaundi 16, na bado tukafungwa katika muda wa nyongeza. Kaka mmoja mtu mzima alitoka nje akakaa ndani ya gari peke yake. Na mimi kuanzia siku ile sikumwelewa tena Calipari: umepewa mchezaji kama huyo, unatolewaje siku ya kwanza?

Oscar aliondoka 2023. Pope alipokuja hakukuta kikosi. Wengine walimfuata kocha wao Arkansas, wengine walikwenda NBA, wengine walihamia vyuo vingine, ikabidi aokote wachezaji kila mahali: Otega Oweh kutoka Oklahoma, mtoto wa wazazi Wanaijeria, Lamont Butler kutoka San Diego State, Koby Brea kutoka Dayton, Amari Williams kutoka Drexel, mzaliwa wa Nottingham, Uingereza. Nilichotarajia ni kidogo tu: wafahamiane kabla ya Krismasi.

Sasa niwaambie kitu kilichonishika. Kwa Oscar tulizoea mtu mrefu kukaa chini ya kikapu akisubiri makosa. Pope alimtoa Amari juu kabisa, nyuma ya mstari wa mitupo huru, akampa mpira kama vile ni mchezesha timu. Wenzake wanazunguka, wanakatiza nyuma ya mabeki, na yeye na urefu wake wote anaona juu ya vichwa, anapenyeza pasi, mtu anaweka mpira bila kubughudhiwa. Mtoto wangu mkubwa ni mrefu. Kocha wa shule alikuwa anamwambia asipige mpira chini hata mara moja. Mwaka ule alianza kuupiga.

Novemba 2024 tulicheza na Duke kule Atlanta, ile Duke ya kijana nyota Cooper Flagg. Mapumziko tuko nyuma. Mwisho 77 kwa 72, Oweh akimpokonya Flagg mpira dakika ya mwisho. Mimi nilikuwa kazini, nikaisikia kwa sikio moja, na msimamizi wangu, mzungu wa hapahapa, akanikumbatia katikati ya maboksi. Kwangu msimu ulikuwa umeshalipa.

Kikapu Dar

Mkuu mwanzisha mada, heshima kwako. Naandika kutoka Dar. Wengi wetu hapa tuliingia kwenye vyuo kwa sababu ya Hasheem Thabeet, alipokuwa UConn 2006 hadi 2009 chini ya mzee Jim Calhoun, wakafika nne bora mwaka ule wa mwisho. Hasheem akaondoka, mimi nikabaki na timu. Mechi nyingi huku zinachezwa alfajiri, unamaliza kutazama jua linachomoza unaoga unaenda kazini.

Ninyi wa Kentucky mnamtaja Dan Hurley kama vile alizaliwa na makombe. Sisi tuliokuwepo tunakumbuka msimu wake wa kwanza, 2018/19: ushindi 16, vipigo 17. Narudia, 17. Kabla yake alikuwepo Kevin Ollie, aliyemrithi Calhoun 2012, mwaka wa kwanza timu imefungiwa mashindano kwa sababu ya matokeo ya darasani, mwaka wa pili akabeba ubingwa wa 2014, na 2018 akafukuzwa. Hurley akabeba 2023 na 2024 mfululizo. Yaani aliyetufurahisha haraka ndiye aliyetuchosha haraka, na aliyeanza kwa kufungwa ndiye aliyejenga.

Nilichokuwa nakiangalia mwaka ule wa 17 si matokeo, ni ulinzi. Kila mwezi wapinzani walikuwa wanapata taabu zaidi kutufunga kirahisi. Hapo ndipo nilipotulia.

Muuguzi wa Louisville

Wadau, hamjambo. Mimi ni Mkenya, naishi Louisville, na ndugu zangu wa Lexington mnisamehe, huku ni wekundu, rangi ya Chuo Kikuu cha Louisville. Mnalalamika kuhusu ushindi 9? Sisi msimu wa 2022/23 tulishinda 4 na kupoteza 28. Uliofuata, 8 na 24. Timu iliyozoea kucheza Machi! Tiketi zilikuwa zinagawiwa bure hospitalini na watu hawazichukui.

Pat Kelsey alipokuja 2024 kutoka College of Charleston sikuwahi kumsikia. Matarajio yangu yalikuwa mechi za nyumbani ziwe na watu, basi. Akatupa ushindi 27 na vipigo 8. Nakubaliana na mwanzisha mada kabisa: kwa mtu aliyetoka kwenye 4 kwa 28, hata ushindi wa Desemba dhidi ya timu ndogo unakutoa machozi. Kuna mgonjwa wangu, mzee wa miaka mingi, aliacha kutazama kabisa kipindi kile. Mwaka wa Kelsey aliomba abadilishiwe saa ya dawa ili zisimlaze usingizi kabla mechi haijaisha. Tulipanga na daktari, ikawezekana.

Machi tukapangiwa raundi ya kwanza palepale Rupp Arena, nyumbani kwa mahasimu, Creighton wakatutoa 89 kwa 75. Sikuumia. Lakini ngoja: Novemba 2025 tumewafunga Kentucky 96 kwa 88, na kesho yake tu watu kazini wanaulizana kuhusu ubingwa. Msamaha huwa ni wa mwaka mmoja.

Mkazi wa Lexington

Dada, asante, hasa kwa habari ya yule mzee. Hiyo ya 96 kwa 88 naiacha ipite. Mwaka uliotangulia Butler aliwafunga pointi 33 peke yake, tukashinda 93 kwa 85.

Dereva wa Masafa

Msamaha wa mwaka mmoja, hapo dada umemaliza. Mimi nilikuwa Nashville tarehe 5 Desemba 2025, Kentucky na Gonzaga. Ni mwendo wa saa tatu na zaidi kidogo kutoka Lexington, na bluu, rangi yetu Kentucky, ilijaa ukumbi. Tulifungwa 94 kwa 59. Zomea ilianza mapema, na si ya wapinzani, ni sisi wenyewe. Mtu aliyekaa mbele yangu alikuwa amevaa jezi ya zamani ya miaka ya Pope, na alizomea mpaka sauti ikakauka. Pope mwenyewe baada ya mechi alisema zomea zile zilistahili, na nyingi zilikuwa zake yeye.

Mimi sikuzomea, lakini naelewa. Mwaka wa kwanza alifika 16 bora, mara ya kwanza tangu 2019, kwa kikosi cha kuokoteza. Tulimpenda. Mwaka wa pili sheria zimebadilika, vyuo vinawalipa wachezaji moja kwa moja, na vyombo vya habari vikaripoti kwamba kikosi chetu kimegharimu takriban dola milioni 22. Tukafungwa na Louisville, Michigan State, North Carolina, halafu na Gonzaga vile. Mtu anayelipa tiketi, maegesho na mafuta akisikia milioni 22 hawezi tena kuambiwa avumilie kwa sababu kocha ni mtoto wa nyumbani.

Mama wa Watatu

Kaka Dereva, nakuheshimu, ila hapo kwenye kuzomea hatukubaliani. Kijana wa miaka 19 akilipwa hageuki kuwa mzee. Nina mtoto wa umri huo. Dai kwa kocha, andika, piga kelele huku mtandaoni, lakini ukumbini wale ni watoto wa watu.

Mzee wa Rupp

Wanangu, nimesoma yote. Nilikuja hapa kusoma kutoka Mombasa miaka ya 90, nikabaki. Nilimwona huyo Pope akicheza. Na nataka kumpinga mwanzisha mada kidogo.

Mwaka 1997 kocha wetu Rick Pitino aliondoka kwenda Boston Celtics, akaja Tubby Smith. Pitino hakutuachia maumivu, alituacha tukiwa fainali. Kwa hesabu yako, matarajio yangekuwa na utulivu. Tubby akabeba ubingwa mwaka wake wa kwanza kabisa, 1998. Mnajua kilichofuata? Miaka 9 ya kuulizwa wa pili uko wapi. Kila mwaka akishinda mechi zaidi ya 20, na bado watu wananung'unika, mpaka 2007 akajiondokea kwenda Minnesota. Akaja Billy Gillispie. Mechi yake ya pili tu ndani ya Rupp, tukafungwa na Gardner-Webb, chuo kidogo, 84 kwa 68. Nilikuwemo. Ule ukimya sijausahau. Baada ya misimu 2 akafutwa kazi.

Kwa hiyo mimi nasema hapa Kentucky matarajio hayatoki kwa kocha aliyepita. Yako juu pale kwenye paa, kwenye yale mabango ya ubingwa. Kila kocha anayakuta na anayaacha. Pope analijua hilo, maana moja ya mabango hayo alilipandisha yeye. Nilichompenda siku ile ya utambulisho ni kwamba hakuomba muda.

Mkazi wa Lexington

Shikamoo mzee. Hoja ya Tubby inanitikisa, sina jibu la haraka. Labda maumivu yanaamua mwaka wa kwanza, na mabango yanaamua miaka yote inayofuata.

Mgeni wa Bloomington

Wakuu, nimejiunga leo. Nimehamia Indiana kwa masomo na nimeikuta timu ya chuo nayo ina kocha mpya, Darian DeVries, katoka West Virginia 2025. Hapa ubingwa wa mwisho ni 1987 na kila mtu ananisimulia habari za kocha wa enzi hizo, Bob Knight. Mwaka huu nitarajie nini?

Kikapu Dar

Karibu sana. Matokeo ya Novemba usiyape uzito, timu ndogo nyingi. Tazama mechi za ugenini za Januari na Februari, hasa dakika 5 za mwisho: je, wachezaji wanajua nani achukue mpira? Kama wanajua, kocha anasikilizwa.

Mzee wa Rupp

Na nunua tiketi ya mechi na mahasimu wenu Purdue mapema, mwanangu. Ile ukichelewa huipati.