MREJESHO: Wale wa "futa app zote", nimerudi

Wakuu, niliuliza kama ni mimi peke yangu chuoni ninayechukia kushinda kwenye simu na bado siachi. Asanteni kwa ushauri, hata yule aliyeniambia nikalime.

Kufuta app zote kama mlivyonishauri kumeshindikana. CR wetu (kiongozi wa darasa) anatangaza WhatsApp: venue ikihama, test ikisogezwa, slaidi za lekcha. Ukitoka kwenye grupu umejitoa darasani. Kilichosaidia ni kuondoa rangi kwenye skrini. Video fupi zikiwa nyeusi na nyeupe zinachosha haraka. Hata wacheza singeli wanaonekana kama wako msibani.

Nikawachokoza wenzangu wa chumba. Kumbe si mimi peke yangu! Mmoja anasema hafurahii chochote, anafungua tu kwa sababu kidole kimezoea, halafu anaona status za waliopata kazi na siku inaharibika. Mwingine anauza viatu vya mtumba kwenye status. Boom (hela ya mkopo wa wanafunzi) likichelewa, anakula kwa hela hiyo, kwa hiyo haoni tatizo, na simlaumu.

Usiku bado najisahau kwenye simu, hasa bando likiwa halijaisha. UE (mitihani ya mwisho wa semesta) ikikaribia nitaazima kiswaswadu, yaani simu ndogo ya batani, cha mdogo wangu.