Mjadala: Kijana shoga aliyetengwa, akae na rika lake au na wakubwa?

Mratibu (mtoa hoja):
Hoja ni hii. Vikundi vya kusaidiana vya mashoga mijini Kenya viache kuwaweka vijana wa miaka 18 hadi 24 katika vikao vyao peke yao. Wakae chumba kimoja na watu wa miaka 40, 50, hata 60.

Kijana wa Nairobi leo hakosi wenzake. Simu inampa kumi kabla chai haijapoa. Anachokosa ni aliyezeeka. Hajawahi kumwona shoga mwenye mvi anayelipa kodi ya nyumba, anayemeza dawa za presha, anayemzika mama yake na kurudi kazini Jumatatu. Basi kichwani mwake maisha yanaishia miaka 30, na rafiki zake hawawezi kumwambia vingine, maana nao hawajafika huko. Hata yule aliyejulikana kuliko wote, mwandishi Binyavanga Wainaina, aliyejitangaza kuwa shoga Januari 2014, alifariki 2019 akiwa na miaka 48.

Wakubwa wapo, ila walisomea shule nyingine. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1999, serikali ilipotangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, alisubiri hadi 2006 ndipo dawa zikaanza kutolewa bure katika hospitali za umma. Miaka yote hiyo alifunzwa jambo moja: usijulikane. Wa miaka 20 leo amekua wakati PrEP, dawa ya kujikinga na VVU, inatolewa kliniki tangu 2017. Hata maneno hawaelewani. Mkubwa wa Mombasa akisema "shoga na basha" anataja nafasi mbili zinazojulikana mtaani, ya anayepokea na ya anayetoa. Kijana wa Nairobi anayejiita kwia (queer, jina la jumla lisilogawa nafasi) anasikia mke na mume, anakasirika. (Na mwanamke wa Pwani akimwita jirani yake "shoga", anamaanisha msiri wake tu. Neno limebeba mizigo mingi, maskini.)

Mshauri Nasaha:
Utambuzi ni sahihi, Mratibu, ila dawa uliyoandika itaua mgonjwa. Kuchanganya umri bila masharti huharibika kwa njia ile ile kila mara. Kijana kafukuzwa, hana pa kulala. Mkubwa ana nyumba mtaa wa Umoja, Nairobi, chumba kimoja kiko wazi. Wiki ya kwanza ni hisani, ya tatu ni deni, mwezi wa pili kijana hawezi kusema hapana kwa lolote. Wala haihitaji mtu mbaya. Inatosha mmoja awe na ufunguo na mwingine awe na begi.

Kwa hiyo: malazi na nauli vitoke kwenye mfuko wa kikundi, visitoke mfukoni mwa mtu. Miezi mitatu ya kwanza mkubwa na kijana wasikutane nje ya kikao, hata kwa kahawa. Kikao kiwe na watu 10 hadi 12, wakubwa wasizidi watatu, la sivyo kinageuka mahubiri. Kiongozwe na wawili, mmoja wa kila rika, na anayefunga kikao awe yule mdogo. Dakika 90 zinatosha. Zikizidi, watu wanaanza kuungama mambo ambayo kesho watajutia kuyasema.

Aliye chini ya miaka 18 asiingie kabisa, hata kama analia mlangoni. Anaelekezwa kwa simu 116 ya watoto, ambayo ni bure na iko wazi saa 24, na kwa mtu mzima wa ukoo wake anayemwamini. Kanuni hiyo inamlinda yeye kwanza, kisha inawalinda wakubwa na ile tuhuma ya siku zote, kwamba wanawatongoza watoto wa watu.

Fundi Simu:
Mnaongea vikao, na mambo huharibikia kwenye simu kabla ya kikao.

Kundi la WhatsApp linaonyesha namba za wanachama wote. Mtu akichukua namba hiyo akaanza kutuma shilingi 10 kwa M-Pesa, jina la mwenye laini linamtokea kabla hata hajakubali malipo. Anaghairi, pesa inabaki kwake, na jina amelipata. Ndiyo maana mkubwa mwenye cheo haingii kundi lolote, halafu vijana wanadhani anaringa.

Tumieni orodha ya matangazo badala ya kundi: ujumbe unafika kwa kila mtu peke yake na hakuna anayeona namba ya mwenzake. Kasoro yake ni kwamba asiyehifadhi namba ya mratibu haupati, kwa hiyo ihifadhiwe mapema, kwa jina la kawaida kama "Fundi Cherehani". Arifa zizimwe zisionekane skrini ikiwa imefungwa, kwa sababu nyumbani simu moja hushikwa na watatu. Nauli itolewe taslimu kikaoni. Ukiituma, ujumbe wa M-Pesa unabeba jina la aliyetuma, na unakaa kwenye simu ya kijana siku dada yake anapoiazima.

Baba Wawili:
Nasoma hapa kama mzazi wa watoto wawili na sifichi kwamba dini yangu hairuhusu jambo hili. Lakini tuache hilo. Swali langu: mbona mnajenga ukoo mpya badala ya kumrudisha mtoto kwenye ukoo wake? Mzee asiyejulikana anawekwa kwenye kiti cha baba. Kesho kikundi kikivunjika, huyo kijana ana nani?

Shangazi wa Likoni:
Hapo Baba Wawili umegusa penyewe, ila umeruka kizazi. Kwa desturi zetu mambo ya mwili hayakusemwa na mzazi. Msichana wa Pwani alikuwa na somo wake, mwanamke mkubwa wa kumfunda. Mjukuu ana utani na bibi yake, anamwambia asiyothubutu kumtamkia mama. Baba anaona aibu ya jina lake msikitini au kanisani. Bibi amezika watu wengi mno kuhangaikia jina.

Basi kijana akitaka kupatanishwa, asianze na baba. Aanze na bibi, mjomba au shangazi mmoja, si wawili. Asimwambie kwa ujumbe wa maandishi, maana ujumbe hupelekwa mbele na kusomwa kwenye kikao cha ukoo. Aende mwenyewe, mchana, na nauli ya kurudi mfukoni, na awe na pa kulala usiku huo mambo yakigeuka. Na asiseme siku ya msiba wala ya harusi. Huko watu wote wapo, na baba mwenye hadhira hawezi kulegea.

Wakili:
Mawili matatu, kwa sababu watu wanaogopa kisichopo na kupuuza kilichopo.

Sheria ya Adhabu, kifungu cha 162, inaadhibu tendo la ngono "kinyume cha maumbile" kwa kifungo cha hadi miaka 14. Cha 165, kuhusu vitendo vya aibu kati ya wanaume, hadi miaka 5. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini kukaa chumbani kuzungumza si kosa. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, iliamua kwamba bodi ya kusajili mashirika ilikosea kuwanyima watu hawa haki ya kujumuika. Kikundi kinaweza kuwa na katiba, akaunti ya benki na mkataba wa pango. Mkubwa anayesema "sheria hairuhusu" anarudia hofu ya zamani.

Kinachopuuzwa ni makaratasi. Kijana akifukuzwa kabla hajachukua kitambulisho, anatoka na nguo na chaja. Kitambulisho cha kwanza kinadai cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, na chifu au naibu wake kumthibitisha. Wazazi ndio hao waliomfungia lango. Bila kitambulisho hana laini yake mwenyewe, hana M-Pesa, hana ajira rasmi. Upweke wake unaanzia hapo, kabla hamjafika kwenye hisia. Kikundi chochote, cha umri wowote, kiwaambie vijana wapige picha cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na cheti cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) wakiwa bado nyumbani, na waziweke picha hizo mahali nje ya simu. Nakala si mbadala wa cheti halisi, ila kwa namba iliyomo ni rahisi kuomba kingine.

Baba Wawili, nikuongezee moja. Desemba 2021 Waziri wa Elimu, George Magoha, alisema wanafunzi mashoga waondoke shule za bweni wakasome za kutwa karibu na kwao. Ukoo unaousema ndio huo walioelekezwa. Kwa wengine bweni lilikuwa miezi tisa ya usalama kwa mwaka.

Baba Wawili:
Bweni si usalama kwa mtoto yeyote, Wakili. Ila la vitambulisho sikulijua. Mtoto hata akikukosea, hupaswi kumnyima nakala ya karatasi.

Mratibu:
Nakubali masharti ya Mshauri yote, isipokuwa la wakubwa watatu. Watatu kati ya kumi na wawili wanakuwa maonyesho: vijana watawauliza maswali kama wageni wa heshima. Nasema watano. Mambo huanza kusogea pale wakubwa wawili wanapobishana wao kwa wao mbele ya vijana, mmoja akitetea kuoa ili kuficha, mwingine akimwuliza yule mke ana kosa gani. Hilo halitokei mkubwa akiwa peke yake. Akiwa peke yake anageuka mzee wa busara.

Mshauri Nasaha:
Wanne, kwa miezi sita, halafu tuhesabu vijana wangapi wamerudi kikao cha pili bila kupigiwa simu.

Fundi Simu:
Na simu zikae kwenye kikapu mlangoni. Za wakubwa pia.