MJADALA: Klabu za wanafunzi Dodoma zitoe ushauri wa blokucheni kwa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), au zibaki kwenye mafunzo tu?

Mdau wa Ng'ong'ona:
Wadau, salaam. Huko Marekani, klabu ya wanafunzi ya Blockchain at Berkeley ina kitengo cha elimu na kingine cha kushauri makampuni. Mimi nasema klabu za vyuo vyetu nazo ziruhusiwe, tena zilipwe. Mkulima wa zabibu Hombolo anapima mzigo, anaandikiwa kilo, kisha anasubiri malipo huku daftari likiwa mkononi mwa upande mmoja. Blokucheni, yaani kumbukumbu ya kidijitali inayoshikwa na pande zote, isiyofutika kimyakimya, ingemlinda.

Mizani Kwanza:
Mkuu, napinga. Karani akiandika 1,240 badala ya 1,420, blokucheni itaitunza hiyo 1,240 vilevile. Kilo 180 za mtu zimeshakwenda. Na pale bei inapofuata sukari iliyomo kwenye zabibu, kile kipimo cha mkononi cha kupimia sukari kisiporudishwa sifuri kwa maji safi kabla ya kazi, namba inaingia ikiwa mbovu tangu shambani. Anzeni na mizani iliyokaguliwa, na risiti ya nakala mbili ambayo mkulima anaondoka nayo hapohapo.

Fundi Seva:
Mizani Kwanza kasema kweli, lakini hajamaliza. Swali la kwanza la mshauri yeyote ni hili: ni wangapi wanaoandika kwenye kumbukumbu, na je, hawaaminiani? Kama anayeandika ni AMCOS peke yake, kanzidata ya kawaida yenye nakala ya akiba kila siku inatosha, na klabu yenye heshima itamwambia mteja hivyo hata kama inakosa kazi. Blokucheni inaanza kuwa na maana AMCOS, mnunuzi na mwenye ghala wanapoandika wote, na hakuna anayekubali seva ikae kwa mwenzake.

Hata hapo, angalieni mahali wengi wanapokosea. Tuseme mmejenga kwa Hyperledger Fabric, programu ya kujengea blokucheni, mkaweka nodi 3, yaani kompyuta za mtandao, za kupanga miamala. Ikizimika 1, kazi inaendelea. Zikizimika 2, mtandao unasimama, kwa sababu lazima walio wengi wakubaliane. Sasa nodi zote 3 zikiwa chumba kimoja chuoni, umeme ukikatika zinalala pamoja. Baya zaidi, anayezisimamia ni mtu yuleyule mmoja, kwa hiyo mmerudi kwenye daftari la upande mmoja, ila la gharama kubwa. Kila nodi ikae kwa mshiriki wake, na funguo zake, yaani namba za siri za kuidhinishia miamala, azishike mwenyewe.

Funguo ndizo zinazonitia hofu kuliko vyote. Mwanafunzi anahitimu, anaondoka na laptopu yenye funguo za mteja, na msimu wa mavuno unafika hakuna wa kuidhinisha muamala. Kabla ya mahafali pawepo makabidhiano ya maandishi: funguo za zamani zibatilishwe, mpya zitolewe mbele ya mteja, na mwingine ajaribu kuwasha mfumo kutoka kwenye nakala ya akiba bila kusaidiwa. Akishindwa, makabidhiano hayajafanyika.

Wakili wa Kizota:
Naongeza la sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kitu kisichofutika hakielewani na mtu anayeomba taarifa zake zifutwe. Jina na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) visiwekwe kwenye mnyororo wa blokucheni kabisa. Wengine wanajitetea kwamba wameweka heshi ya namba tu, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye namba hiyo. Haitoshi! Namba ya NIDA ina tarakimu 20: 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, 5 zinazofuata ni msimbo wa posta. Anayemfahamu mkulima anabaki na 7 za kubahatisha, yaani michanganyiko isiyozidi milioni 10, na laptopu ya kawaida inaijaribu yote kwa muda mfupi sana hadi ipate inayotoa heshi ileile. Tumieni namba ya nasibu kwa kila mkulima, na orodha ya majina ikae nje ya mnyororo, kwa AMCOS.

Mama Makole:
Jamani, na sarafu za kidijitali je? Benki Kuu ilitoa tahadhari Novemba 2019, na wazazi wengi wakisikia blokucheni wanasikia upatu.

Fundi Seva:
Mama, hofu hiyo ni ya haki. Mafunzo yafanyike kwenye Sepolia, mtandao wa majaribio wa blokucheni ya Ethereum, ambako sarafu zake hutolewa bure na hazina thamani. Klabu ikimwambia mwanafunzi anunue sarafu ili ajifunze, atoke. Akiombwa yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi yake ya sarafu, atoke mbio.

Mdau wa Ng'ong'ona:
Nimeelewa, na narekebisha hoja yangu. Klabu ifanye uchunguzi na kuandika ripoti, ikiwemo ripoti ya kusema "hamhitaji". Ujenzi wa mfumo unaobeba fedha za wakulima uwe chini ya mhadhiri anayewajibika.

Mizani Kwanza:
Hapo tunakaribiana, ndugu yangu. Limebaki moja: mkataba na AMCOS atasaini nani? Mwenyekiti wa klabu anabadilika kila mwaka, na shamba la zabibu linazaa mara mbili kwa mwaka. Mimi sitakubali hadi saini iwe ya chuo.