JAMAA WA MKASI AMELIKATA KOMBEO LANGU, ETI "AMELISAWAZISHA"

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mnamjua. Yule yule wa "lete nikuonyeshe", fundi wa kila kitu ambaye hajawahi kumaliza hata kimoja. Simtaji, hahitaji kutajwa, hata mbuzi wanamjua.

Ndiyo kwanza nimemaliza kombeo. Msuko wa mviringo, nyuzi nne za katani, kila mzunguko nimeukaza mpaka vidole vimeota sugu. Ngozi ya mfuko nimeikata umbo la jicho, nikailoweka, nikaifunga kwenye jiwe ikaukie hapo hapo ishike mbonyeo. Ncha mbili nimezitoboa kwa maharazi taratibu, tundu lisichanike. Upande mmoja kitanzi cha kidole cha kati, upande wa pili fundo, na mkia kidogo umebaki nje ya fundo. Kitu kimetulia kabisa.

Jamaa akasema lete nione. Akazishika kamba mbili, akazikutanisha ncha kwa ncha kama anayepima soksi. "Mbona huu umezidi?" Sijafungua mdomo, KACHA! Mkasi. Fundo hilo chini.

FUNDO, wakuu. Amekata FUNDO.

Nani alimwambia kombeo linapimwa ncha kwa ncha? Unavaa kitanzi kidoleni, unabana fundo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, unaliacha lining'inie, unatazama kama kingo za mfuko ziko sawa. Basi. Upande mmoja ukipungua mfuko unainama, jiwe linachoropoka hata hujazungusha, au linaruka nyuma kwa watu. Yeye kaona mkia, kacha!

Na mkasi ulipopita tu nyuzi zikaanza kufumuka, mikononi mwangu, natazama. Nikamuuliza umefanya nini wewe? Akanijibu, tena kwa upole: "Nimekusawazishia. Kwani si kamba tu?"

SI KAMBA TU! Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa 1922 mlikutwa makombeo ya kitani yaliyosukwa, yamekaa humo zaidi ya miaka 3,000. Langu halikufika jioni. Kila nikifumba macho nasikia ule mlio. Kacha. Fundo chini. "Si kamba tu."

Shoto: Pole sana mkuu. Huyo aliazima maharazi yangu ya "dakika mbili". Mpaka leo natoboa ngozi kwa msumari.

Nyuzi Nne: Na wewe mwanzisha uzi, mkasi ulikuwa unatafuta nini karibu na kombeo?

Mwanzisha uzi: Mkasi ni WAKE! Anatembea nao mfukoni! Hakuuliza, kacha tu!

Jiwe la Mtoni: Hahaha mtu mzima analilia kamba. Unga hapo, yaishe.

Mwanzisha uzi: Niunge nini? Ukiunga panatoka nundu, na nundu inanasa kidoleni pale pale unapoachia. Nasuka upande mzima upya. Kwa sababu ya mkasi!

Mzee wa Mawindo: Vijana, vita vya Perusia kule Italia, mwaka 41 hadi 40 KK, Warumi waliandikiana matusi kwenye risasi za kombeo, yaani vidonge vya madini ya risasi vya kurusha badala ya jiwe, tena matusi ya nguoni, kisha wakarushiana. Zimeokotwa na zinasomeka. Ukimaliza kusuka, jiwe la kwanza liandike "MKASI".

Jiwe la Mtoni: Mzee nimecheka mpaka basi.

Kitanzi: Mimi wanaoniudhi ni wale wanaopasua mfuko katikati. Mfuko ni mfuko, mpasuo wa nini?

Shoto: Mpasuo unalikumbatia jiwe la duara, acha uongo. Kwenye mfuko mzima linabiringika.

Kitanzi: Lako linabiringika kwa kuwa ngozi yako ngumu. Hukuiloweka.

Shoto: Niliiloweka usiku kucha!

Nyuzi Nne: Afadhali hao wa mpasuo. Kuna watu wanasuka kwa nailoni. Inateleza, fundo linalegea, halafu wanasema kombeo halina shabaha.

Jiwe la Mtoni: Nailoni unachoma ncha kwa moto, haifumuki milele. Katani yenu ikilowa inavimba na kukakamaa kama mlivyokakamaa nyie.

Nyuzi Nne: Nani amekakamaa?

Mwanzisha uzi: Wakuu, turudi kwenye mkasi. Fundo!

Shoto: Subiri kwanza mkuu. Kitanzi, weka picha ya huo mfuko wako mzima tuuone.

Kitanzi: Naweka. Na wewe weka wa mpasuo, ukiwa na jiwe ndani.