Naomba ushauri: umri wa zirikoni za mwamba wa Taita
Ndugu wanachama, salaam kutoka Mombasa. Natafuta asili ya mchanga uliogeuka kuwa kwatsaiti huko Taita, katika Ukanda wa Msumbiji (mkanda wa miamba ya kale iliyogeuzwa, mashariki mwa Afrika), kwa kupima urani na risasi (metali ambayo urani hugeuka polepole kuwa) ndani ya zirikoni, chembe ndogo za madini magumu zinazotunza umri. Chembe nyingi zina kiini cha kale kilichoviringika, kimezungukwa na ganda jembamba lililoota wakati mwamba ulipogeuzwa kwa joto. Leza ya kupimia ikigusa vyote viwili, kiini na ganda, umri unaopatikana ni mchanganyiko tu, si wa chanzo wala wa mageuzi. Je, niondoe vipimo vyote ambavyo uwiano wa thori (elementi nyingine yenye mionzi) kwa urani uko chini ya 0.1, ambao mara nyingi ni dalili ya ganda la mageuzi, au nitegemee picha za mng’ao zinazoonyesha kiini na ganda? Nimebakiwa na chembe 64 (nilitamani 117, idadi inayopendekezwa mara nyingi ili chanzo cha mchanga kisikosekane), na fedha za maabara zinakaribia kwisha.