Tupeane uzoefu: SSD gani imekupa kasi unayoiona kwa macho, siyo ya kwenye boksi?

fundi_ghorofani:
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza kompyuta hapa Kariakoo, na kila siku wateja wananiuliza: "Fundi, niweke SATA au NVMe?" Hizo ni aina mbili za SSD, yaani diski ya chipu tupu: SATA ni njia ya zamani ya kuiunganisha na kompyuta, NVMe ni mpya zaidi. Boksi la SATA limeandikwa MB 550 kwa sekunde, la NVMe 3,500. Kwa hesabu hiyo ya pili ni mara sita na zaidi. Mezani kwangu bado sijaona laptopu iliyowaka mara sita haraka.

Ninachokiona ni hiki. Zile mashine za maofisini zilizokwishatumika, zinazokuja na HDD (diski ya sahani inayozunguka) ya mizunguko 5,400 kwa dakika, ukiweka SSD yoyote yenye afya mteja anadhani umembadilishia kompyuta. HDD ikisoma faili moja kubwa inafika MB 100 kwa sekunde bila shida. Lakini Windows ikiwa inawaka haisomi faili moja kubwa, inadokoa vipande vya KB 4 huku na huku. Hapo kichwa cha HDD kinahangaika, kasi inaanguka chini ya MB 1. SSD haina kichwa cha kuhamisha. Vipande hivyohivyo SATA nzuri inavisoma kwa MB 30 na kitu, NVMe ya kawaida 50 hivi. Ukifungua Word, tofauti hiyo huisikii.

Haya, leteni zenu: mashine gani, kazi gani, kabla na baada. Picha za CrystalDiskMark, ile programu ya kupima kasi ya diski, peke yake hapana, tumezichoka.

kamera_mbili:
Mkuu, mimi nahariri video za harusi, Mwanza. Nilichukua NVMe ya TB 1 ya bei chee, jina sitaji. Kwenye kipimo namba zilikuwa safi kabisa. Siku ya kazi nikaanza kuhamisha GB 200 na ushee kutoka SSD ya nje ya mwenzangu. Mwanzo inateleza. Nikashuka kula, narudi nakuta ule mchoro wa kijani wa Windows umeporomoka, umelala chini kabisa: MB 90. Yaani NVMe inakwenda kama HDD! Bwana harusi anapiga simu anataka kionjo cha kuweka status.

chipu_kavu:
@kamera_mbili hiyo ni QLC, haijaharibika. QLC ni aina ya chipu za kuhifadhi data: kila chembe yake inabeba biti 4, na kuziandika zote kunachukua muda. Kwa hiyo SSD inatenga sehemu ya chembe zake, inaziandika biti moja moja kwa haraka, halafu baadaye ikipata nafasi inapanga upya. Sehemu hiyo ikijaa, kasi halisi inajitokeza. Samsung wenyewe kwenye maelezo ya SSD yao ya QLC, 870 QVO ya TB 1, wameandika wazi: GB 42 za mwanzo ni za haraka, baada ya hapo MB 80 kwa sekunde. Angalau wao wamesema.

CrystalDiskMark ukiiacha ilivyo inapima kwa faili la GB 1 tu, haifiki kwenye kujaza sehemu hiyo. Na diski ikikaribia kujaa, kwa SSD nyingi eneo la haraka linasinyaa. Kwa kazi yako tafuta TLC, yenye biti 3 kwa chembe, na usiijaze mpaka juu.

bibi_mahesabu:
Mie wa Unguja, kazi yangu vitabu vya hesabu vya maduka. Nilitoka HDD nikaenda SATA, nikafurahi. Mwanangu akanishawishi mashine mpya yenye NVMe. Sijaona kitu cha kunifanya nimpigie makofi. Faili langu la mauzo linafunguka vilevile.

wa_luthuli:
Nairobi hapa. Wadau, kabla hamjabishana SATA na NVMe, tazameni sloti kwanza. Kuna laptopu za zamani zina sloti ya M.2 (ile ya kuchomekea SSD nyembamba kama kadi) inayokubali SATA pekee. Jamaa analeta NVMe yake, BIOS, ile programu inayoamsha kompyuta, haioni kitu, anadai ameuziwa mbovu. SSD ya M.2 yenye mapengo mawili kwenye meno yake mara nyingi ni SATA, yenye pengo moja mara nyingi ni NVMe.

Halafu jambo lingine: model ileile inaweza kubadilishwa chipu ndani. Mwaka 2021 WD (Western Digital) walikiri kwamba NVMe yao ya SN550 ilibadilishwa, na vipimo vikaonyesha ya baadaye inashuka zaidi ikishamaliza sehemu yake ya haraka. Kwa hiyo sifa ulizosoma mwaka ilipotoka huenda siyo za hiyo uliyoshika.

mgeni_wa_jana:
Shikamooni wakubwa. Nina ThinkPad T430, HDD ya GB 500, mwanafunzi, pesa ya mawazo. NVMe ya GB 256 itanifaa?

fundi_ghorofani:
@mgeni_wa_jana marahaba. Hiyo mashine haina pa kuchomeka NVMe, kwa hiyo umeshapunguziwa maswali. Chukua SATA ya inchi 2.5, TLC, iweke palepale HDD ilipo, kwa sababu hapo ndipo penye SATA ya kasi kamili. HDD ihamishie mahali pa DVD kwa kile kitreya chake, uwekee muvi na notisi. Ukinunua, usiondoke dukani kabla hujaichomeka. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, uone imeshaandikwa kiasi gani. "Mpya" yenye TB 15 za kuandikwa, mrudishie mwenyewe.